Nilivyotoa injini ya Corolla uani bila kuinyanyua

Kitu kinachonikera kuliko vyote ni fundi kukwambia "hii kazi haifanyiki nyumbani" wakati gereji yake mwenyewe ni kivuli cha mkwaju, ndoo ya plastiki na benchi la kukalisha wateja. Injini nimeitoa uani kwangu, hapa Tanga, imetoka nzima, na boneti sikuifungua hata bolti moja.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE, ile ya lita moja na nusu. Lilikuwa linakunywa oili. Asubuhi nikiliwasha, moshi wa bluu unatanda mpaka jirani anafunga madirisha, na kila mpita njia ana ushauri wake. Mmoja akasema niweke oili nzito. Nikaweka, moshi nao ukawa mzito. Mwingine akasema niachane na kubadilisha ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande kuungua, niende Dar, Ilala, ninunue injini ya mtumba nifunge mambo yaishe. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia: injini imekaa juu ya tairi dukani, hujaisikia ikinguruma, muuzaji anakuapia kwamba Japani ilikuwa inaendeshwa na bibi kizee kwenda sokoni tu. Sijui hao bibi vizee wa Japani wako wangapi.

Wa tatu akasema nipeleke gereji. Hapo niligoma. Gari langu lilishawahi kulala gereji kwa ajili ya klachi, likarudi na betri nisiyoijua na jeki halimo. Nikaamua safari hii injini ndiyo itakayosafiri kwenda karakana ya kuchonga silinda. Gari litabaki kwangu, nililinde kwa macho yangu.

Kushusha na kupandisha tu niliambiwa laki tatu, ringi na gasketi mbali. Nikapatana na fundi mmoja aje nyumbani kwa elfu thelathini kwa siku na chakula cha mchana, kwa sababu spana zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Akacheka. "Mwalimu, wewe baki na chaki zako." Ilikuwa likizo ya Juni, chaki zilikuwa zimelala.

Betri, maji, oili, rejeta, hizo kila mtu anajua. Petroli ndiyo niiseme, kwani hizi ni injini za EFI, zinazopuliziwa mafuta kwa presha, na bomba la mafuta linabaki na presha hata gari likiwa limezimwa. Tulichomoa fyuzi ya pampu, tukawasha, tukaacha injini ijizime yenyewe kwa kukosa mafuta. Fundi alitaka kufungua hivyohivyo, sigara mdomoni. Tulianza na sigara.

Kwenye AC tukabishana. Yeye: "Tufungue mabomba ya gesi, tutajaza baadaye." Nani atajaza, na kwa hela ya nani? Kompresa inatoka na mabomba yake bila kufunguliwa. Unafungua bolti zinazoishikilia kwenye injini, unaisogeza pembeni, unaifunga kwa kamba kwenye kiunzi cha mbele isining'inie kwa hozi zake. Mtu wa Tanga hawezi kukosa kamba ya katani. Pampu ya sukani nayo nikaifanya vilevile. Hapo peke yake nimeokoa hela ya kujaza gesi, na kuna watu mjini hapa wameshalipa hiyo hela zaidi ya mara moja.

Soketi za waya nazo ni nyingi kuliko unavyodhani, na baadhi zinafanana. Fundi husema "nazijua kwa kichwa". Mimi nilimwomba mke wangu chupa zake za rangi ya kucha. Kila soketi kabla haijachomolewa napaka nukta upande huu na nukta ya rangi ileile upande wa pili: nyekundu moja, nyekundu mbili, zambarau moja, ikaenda hivyo. Karatasi ya gundi hulowa oili ikabanduka, alama ya kalamu hufutika, lakini rangi ya kucha inakaa mpaka leo. Mke wangu alidai chupa mpya na akapewa. Iingizwe kwenye gharama.

Kutu ya pwani ni mtihani wa peke yake. Bolti za bomba la moshi zilikuwa zimekuwa kitu kimoja na nati zake. Nilizilowesha mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi tangu jana yake jioni, na wakati wa kufungua nikaanza kwa kukaza kidogo. Ndiyo, kukaza. Ikishtuka tu, unairudisha. Fundi aliyekuwa anakimbilia bomba refu la kuongezea mkono alikata moja kabla hajanisikiliza.

Shafti zikafuata. Ukifungua boljointi ya chini, kiungo kinachoshika tairi na mkono wake, tairi linavutika nje na shafti inachomoka kwenye gia boksi kwa kusukumwa na nondo fupi, bila kuhangaika na ile nati kubwa ya katikati ya tairi. Oili ya gia itamwagika, weka beseni, kisha ziba matundu kwa kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Mchanga ukiingia humo umejitafutia kazi nyingine.

Sasa mwembe.

Uani kwangu kuna mwembe mkubwa, na hapa mtaani inajulikana kwamba injini hutolewa kwa mwembe. Mzee jirani alikuja na kiti chake kabisa, akaketi, akaonyesha tawi: "Hilo hapo. Hilo limeshatoa injini ya Land Rover." Fundi akaafiki. Nikasema tawi la mwembe siliamini. Nikaambiwa mwalimu haelewi miti. Basi tukasukuma gari chini yake, chenibloku ya kukodi, ile winchi ya cheni ya kuvuta kwa mkono, ikafungwa juu, ndoana zikaingia kwenye yale masikio mawili ya chuma yaliyopo kwenye injini kwa ajili ya kuinulia. Hapo angalau fundi alikuwa sahihi, ingawa mwanzoni alitaka kufunga kamba kwenye manifoldi.

Akavuta cheni. Cheni ikakaza. Akavuta tena. Injini haikupanda, tawi likashuka. Likaja taratibu, kwa heshima, mpaka majani yakagusa paa la gari. Mzee jirani akasema, "Linajipanga." Fundi akavuta tena, tawi likalia kakaka, na kwa ule mtikisiko kiota cha maji moto kikapasuka juu yetu.

Asiyewajua maji moto amshukuru Mungu. Ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa nyumba, na ukivunja nyumba yao hawaulizi nani kavuta cheni. Fundi aliruka akavua shati, akavua na fulana. Mzee jirani, ambaye magoti yanamsumbua tangu nimjue, alifika barabarani kabla yangu, kiti mkononi. Injini ilibaki imening'inia nusu, mauntini za pembeni, vile vishikizo vya injini kwenye bodi, zikiwa zimelegezwa, na hakuna aliyetaka kurudi kule chini. Nilirudi mimi, nimejifunika shuka, nikasukuma jeki na ubao chini ya gia boksi ili mzigo usibaki kwenye lile tawi. Ubao ni lazima, kwa sababu kwenye mchanga wa Tanga jeki tupu huzama.

Fundi, huku anajikuna, akatoa wazo la pili: tufunge kwenye matawi mawili. Nikamlipa siku yake, nikampa chai, akaenda zake.

Jioni ile nilikaa naitazama. Injini na gia boksi pamoja ni zaidi ya kilo mia, na zote zinataka kwenda chini. Kwa nini nizipeleke juu? Gari likishatolewa injini, pua yake ni nyepesi. Nikaona kinachopaswa kupanda ni gari.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na friji iliyokufa. Niling'oa mlango wake, nikaulaza chini ya injini, upande laini ukigusa mchanga, juu yake nikaweka tairi kuukuu. Nikashusha gari kwa jeki pole pole mpaka injini ikakalia tairi vizuri. Nikafungua boriti ya chini inayobeba mauntini za mbele na nyuma, hiyo itoke na injini iwe mguu wake. Nikamalizia bolti za mauntini za pembeni, ambazo sasa hazikuwa zimebeba chochote, zikatoka kwa vidole. Nikazunguka na tochi nikitafuta kilichosahaulika. Kulikuwa na waya wa ethi, ule unaounganisha injini na bodi, nyuma ya injini. Huo huwa upo.

Vijana wa mpira hupita kwangu wakitoka mazoezini. Magurudumu ya nyuma nilikuwa nimeyawekea mawe na breki ya mkono iko juu. Tukapitisha bomba la chuma chini ya kiunzi cha mbele. Nilisema kiunzi, bampa msiguse, ni plastiki hiyo. "Moja, mbili, twende!" Pua ya gari ikapanda mpaka usawa wa paja, magogo yakaingia huku na huku, hakuna aliyeingiza hata kichwa chini. Nikafunga kamba kwenye mlango wa friji, nikavuta na wawili wao, na injini ikateleza ikatoka nje na boriti yake. Hadithi ya mwembe ilichukua siku nzima, hii haikumaliza hata soda zao.

Guta likaipeleka karakana kwa elfu chache. Ringi zilikuwa zimegandia kwenye pistoni kwa masizi, silinda zenyewe hazikudai kuchongwa sana. Kuirudisha ni njia ileile, ila wakati wa kushusha gari uwe na mtu kila upande wa kuelekeza bolti za mauntini kwenye matundu yake, na usikaze hata moja mpaka zote ziwe zimeingia. Kwa jumla nilitumia kama nusu ya nilichotajiwa gereji, labda zaidi kidogo ukihesabu soda na rangi ya kucha.

Moshi umeisha. Yule fundi alipita wiki iliyofuata, akaizunguka gari, hakusema kitu kuhusu chaki. Aliazima mlango wa friji. Hajaurudisha.