Mtandio Usio na Pini

Katika mechi zote za mpira wa kikapu alizocheza binti yangu, ninayoikumbuka zaidi ni ya muhula wa kwanza wa mwaka 2018, katika mashindano ya shule za sekondari, siku ambayo mwamuzi alimzuia kuingia uwanjani kwa sababu ya mtandio wake. Alikuwa kidato cha pili, mwenye umri wa miaka 15, na ndiye aliyepanga mashambulizi ya timu.

Kwa miaka mingi kanuni za kimataifa zilikataza kufunika kichwa mchezoni, na hapa Mombasa athari yake tuliiona wenyewe. Wasichana waliojua kudundisha mpira tangu shule ya msingi waliacha kucheza walipofika kidato cha kwanza, kwa kuwa wazazi wao hawakuridhia wavue mitandio mbele ya watu, na wengi wao, kama mwanangu, hawakutaka kuivua. Mwezi Mei 2017 shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIBA, lilikutana Hong Kong likaibadilisha kanuni hiyo, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo vazi la kichwa likaruhusiwa kwa masharti: liwe jeusi, jeupe au la rangi kuu ya jezi, wachezaji wa timu moja wanaolivaa wavae rangi moja, lisifiche uso, lisiwe na kifungo wala pini usoni au shingoni, na lisiwe na sehemu inayochomoza.

Habari hizo aliniletea binti yangu. Tulivuka feri tukaenda Biashara Street kutafuta kitambaa cheusi chepesi kinachovutika, na fundi jirani yetu wa Likoni akashona mtandio wa kuvaliwa kwa kupitisha kichwa, ulioshika vizuri kidevuni bila pini hata moja. Bibi ya binti yangu, ambaye tangu mwanzo hakupendezwa na habari za mpira, aliuvutavuta kila upande, kisha akasema, "Huu hautoki hata akianguka. Mwacheni acheze."

Siku ya mechi jua lilikuwa kali, kama lilivyo Mombasa kabla ya masika, na uwanja wa saruji ulikuwa ukitoa moto. Timu zilipojipanga, mwamuzi alimwelekezea mwanangu kidole na kumwambia avue mtandio au akae benchi. Kocha alijaribu kueleza, akajibiwa kwamba mchezo hauwezi kungojea mabishano. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama kule kwenye kivuli cha mwarobaini tulikokaa wazazi, nikiwa na maneno mengi mdomoni, ndipo binti yangu akageuka, akaniona, akainua kiganja kunizuia. Nikakaa. Naamini hakuna jambo zito nililowahi kumfanyia katika miaka yake yote ya michezo kuliko kule kukaa.

Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi yenye kanuni mpya aliyokuwa ameichapisha, akaishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, mwalimu," alisema, kwa sauti tuliyoisikia sote. "Samahani, naomba usome kifungu hiki. Baada ya hapo nitakubali utakavyoamua."

Mwamuzi aliipokea karatasi, lakini robo ya kwanza ilianza bila binti yangu. Dakika 10 za mchezo, pamoja na kila kusimama kwa saa, nilimtazama akiwa benchi, mgongo umenyooka, akiwaita wenzake kwa majina na kuwaonyesha nani amebaki peke yake. Mama mmoja kando yangu alinishauri nimchukue mtoto twende zetu. Nilimjibu kwamba timu ni yake, na akitaka kuondoka ataniambia mwenyewe.

Robo ilipokwisha waamuzi walikutana mezani, wakasoma, kisha mmoja wao, mwanamke, akaja akamkagua shingoni na nyuma ya kichwa, akatikisa kichwa kukubali. Binti yangu aliingia. Sitaeleza kila alichofanya. Inatosha kusema kwamba mpira ulianza kupita mahali ambapo awali haukupita. Mwishoni kabisa, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi mbili, alifanyiwa faulo akapewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza uliingia. Wa pili uligonga chuma ukatoka, na wakafungwa.

Kwenye feri nilitarajia tuzungumze kuhusu mwamuzi. Hakumtaja. Alieleza kwa kirefu jinsi kiwiko chake kilivyokwenda pembeni katika mtupo wa pili, na kwamba kesho yake angebaki uwanjani baada ya masomo kuurekebisha. Kisha akaniuliza kama kile kitambaa kilibaki. Alikuwa na majina ya wasichana watatu wa darasa lake walioacha kucheza, na alikwisha kuwaambia wamletee vipimo vya vichwa vyao Jumatatu.