RAM kubwa, COMMIT zinaganda: vm.dirty kwenye seva ya PostgreSQL

Dalili za tatizo hili ni hizi: seva ina RAM ya GB 128, kazi inakwenda vizuri dakika kadhaa, ghafla kila COMMIT (amri ya kuthibitisha mabadiliko) inaganda sekunde nyingi, kisha mambo yanatulia kama vile hakuna kilichotokea. Wengi hukimbilia kuongeza shared_buffers, kashe ya PostgreSQL yenyewe. Anza na kerneli, kiini cha Linux.

PostgreSQL huandika data kupitia kashe ya Linux. Kurasa zilizobadilishwa ambazo hazijafika diskini, yaani kurasa chafu, hubaki kwenye RAM. Kwa mipangilio ya kawaida, kerneli huanza kuzishusha zikifika asilimia 10 (vm.dirty_background_ratio) au zikishakaa sekunde 30. Zikikaribia asilimia 20 (vm.dirty_ratio), programu inayoandika huzuiwa isubiri. Asilimia hizo ni za kumbukumbu inayopatikana, si RAM yote, ila kwenye mashine hiyo bado zinaweza kufika GB 10. Diski ya MB 200 kwa sekunde itahitaji sekunde 50 kumaliza mzigo huo, tena ukiwa umepangika mfululizo. Faili za kanzidata hazina adabu hiyo. Checkpoint (hatua ya PostgreSQL kuhakikisha mabadiliko yamefika kwenye faili za data) ikiita fsync, yaani amri ya kulazimisha data ishuke diskini, kila kitu kinashuka kwa pamoja, na WAL, logi ya mabadiliko ambayo COMMIT huisubiri, ikiwa kwenye diski hiyohiyo inapanga foleni nyuma.

Hakikisha kwanza:

watch -n1 "grep -E '^(Dirty|Writeback):' /proc/meminfo"

Washa pia log_checkpoints (kuanzia toleo la 15 huwa imeshawashwa) usome logi. write= (muda wa kuandika) ndefu isikutishe, imenyooshwa makusudi na checkpoint_completion_target. sync= (muda wa fsync) ndefu ndiyo ugonjwa.

Achana na asilimia, weka baiti. Kwenye /etc/sysctl.d/90-kanzidata.conf:

vm.dirty_background_bytes = 268435456
vm.dirty_bytes = 1073741824

Hizo ni MB 256 na GB 1. Endesha sysctl --system. Zile za asilimia zitasomeka 0, ndivyo inavyotakiwa. Kama kontrola ya RAID ina kashe yenye betri, kiwango cha kwanza kisizidi ukubwa wa kashe hiyo. Usishushe kupita kiasi pia: ukurasa unaobadilishwa mara kumi ndani ya RAM unaweza kuandikwa diskini mara moja tu, na ukiufukuza mapema utaandikwa tena na tena.

Tangu toleo la 9.6 kuna checkpoint_flush_after, ambayo kwenye Linux husukuma kila kB 256. Inasaidia, lakini inahusu checkpoint tu. backend_flush_after, ya michakato inayohudumia wateja, ni 0, na pg_dump (zana ya nakala rudufu) inayomwaga faili kwenye mashine hiyohiyo haijui lolote kuhusu mipaka ya PostgreSQL. Kwa hiyo sysctl bado inahitajika.

vm.swappiness (mwelekeo wa kerneli kuhamishia kumbukumbu diskini) ishushe kutoka 60 hadi 10 au 1. Wa MySQL wenye innodb_flush_method=O_DIRECT hawatapata nafuu kubwa hapa, kwa sababu faili zao za data hazipiti kwenye kashe ya Linux.