Jino la bi mkubwa wa Chake

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Jino lile, la kuvikwa juu ya jino lililochongwa, nililitengeneza mara tatu. La kwanza halikukaa. La pili lilikaa, lakini lilikuwa jeupe kama kikombe kipya, na yule bi mkubwa wa Chake Chake, mla tambuu tokea usichana wake, akasema hatoki nalo nje.

Nilimlaumu daktari wake wa meno, naye akanilaumu mimi. Siku mbili hatusemezani. Mwisho nikamwomba anieleze alivyofanya, hatua kwa hatua. Kumbe silikoni ya kuchukulia umbo la meno ilimwishia, akachukua kipimo kwa aljineti, uji unaoganda mdomoni, akakitia kwenye bahasha kavu, kikapanda boti. Aljineti ni maji matupu. Ikikaa wazi inasinyaa. Kilipofika Unguja mezani kwangu kilikuwa kipimo cha mdomo mwengine. Na rangi aliichagua baada ya kulichonga jino, mgonjwa keshaachama muda mrefu. Jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo.

Na mimi je? Ukingo wa jino lililochongwa, upande wa ndani, niliuona umefifia kwenye kipimo, nikakisia. Simu ya dakika moja tu! Nilionea haya kumwambia daktari arudie.

Siku hizi akitumia aljineti anamimina plasta ndani ya kipimo kule kule, papo hapo. Rangi anaichukua mwanzo, mate yangalipo, karibu na dirisha, na picha ananitumia kwa WhatsApp, kijiti cha kulinganishia rangi kikiwa ubavuni mwa jino. Ukingo nisipouona, sianzi kazi, napiga simu.

Bi mkubwa kaniletea halua ya Wete, na salamu kuwa yeye yake anaitafunia upande ule ule.