Siku moja maishani mwangu: Ijumaa kabla ya safari ya Waverly

Saa 11 alfajiri

Hapa Cedar Rapids unaamshwa na pua. Kiwanda cha Quaker kando ya mto kinapika oti, na upepo ukielekea upande wetu mtaa mzima unanukia kama sufuria ya uji iliyoanza kushika chini. Leo unavuma kutoka kaskazini-magharibi. Nimesimama mlangoni na kikombe cha chai nikiusikiliza shavuni, maana upepo ndio jambo la kwanza ninalotaka kulijua kuhusu mchezo wa kesho. Kioo cha gari kimeganda. Nakikwangua, nawasha joto, naondoka.

Kwa wasionifahamu: natunza vifaa vya timu ya futiboli ya Kimarekani ya Coe College, chuo kidogo cha hapa Iowa. Nilizaliwa Fizi, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Mpira niliokulia ni ule wa mifuko ya nailoni iliyofungwa kamba. Huu wa yai nimejifunzia ukubwani, na nimeupenda kupita nilivyotarajia. Kesho tunakwenda mji wa Waverly kucheza na chuo cha Wartburg.

Saa 12 na nusu asubuhi

Mashine za kufulia zinaanza kunguruma kabla jua halijachomoza. Kila mchezaji ana mkanda wenye namba yake. Soksi, kaptura na fulana za mazoezi anazifunga humo, zinafuliwa zikiwa zimefungwa na kumrudia vilevile. Bila mkanda ule ungeshinda kutwa nzima ukitafuta soksi ya nani ni ipi.

Jezi ndizo zinazonitoa jasho. Mgeni huvaa nyeupe, na rangi yetu ni nyekundu iliyokolea pamoja na dhahabu. Soksi moja nyekundu ikijipenyeza kwenye mashine ya nyeupe, timu nzima inatoka na rangi ya waridi. Kwa hiyo natia mkono ndani ya pipa, napapasa mpaka chini, ndipo nafunga mlango. Madoa ya damu nayatoa kwa maji baridi na brashi laini. Maji ya moto yanayapika na hayatoki tena, jambo nililofundishwa na mama yangu kando ya bomba la kambini.

Saa 3 asubuhi

Ijumaa ni siku ya helmeti. Nazikagua moja moja, mezani, kwa bisibisi ya mkono. Ya umeme inakaza skrubu kupita kiasi na kuharibu uzi wake. Natazama wavu wa usoni kama umepinda, vifungo vinne vya mkanda wa kidevu, pedi za mashavu, na ganda kama lina ufa. Ufa mara nyingi huanzia kwenye tundu la skrubu, mwembamba kama unywele, na ukiupitisha ukucha unakwama kidogo. Helmeti yenye ufa haitoki chumbani kwangu hata kocha akipiga magoti.

Leo ameingia kijana mmoja wa mstari wa mbele, wale watano wanaowazuia wapinzani, akiwa amefumua nywele. Wiki nzima alikuwa amesuka, jana akafumua, kisha akanyoa. Amevaa helmeti yake akasema iko sawa. Nimeishika kwa mikono miwili nikaizungusha taratibu: helmeti imekwenda kushoto, paji la uso limebaki palepale. Hiyo haifai. Helmeti iliyokaa vizuri huvuta ngozi ya paji pamoja nayo, na ukingo wake unakuwa vidole viwili juu ya nyusi. Nimechukua pampu ndogo, nikalowesha sindano, nikajaza hewa kwenye mifuko ya ndani, pumzi tatu kwa kisogo, mbili kwa juu, nikabadilisha pedi za mashavu kwa zile nene. Nimezungusha tena. Ngozi imekwenda nayo.

"Inabana," kasema.

"Ndiyo, inabana. Kesho utanishukuru."

Kijana huyu mama yake tunasali naye. Nitarudi kwake jioni.

Vyuo vidogo havina wachezaji wa kumwaga. Mwaka 2019 Grinnell, chuo kingine cha hapa Iowa, kilicheza michezo 3 tu kikaufuta msimu uliobaki, kwa sababu walikuwa wamebaki wachezaji 28 wazima na wenyewe waliona si salama kuendelea. Kila nikishika bisibisi nawakumbuka wale 28. Kijana mmoja akiumia leo, anayechukua nafasi yake kesho ni mtoto wa mwaka wa kwanza.

Saa 6 mchana

Chakula, haraka. Mezani karibu yangu wapo wachezaji wawili wanaoulizana maswali ya kemia, mtihani ni saa 7. Hii ndiyo Divisheni ya Tatu ya michezo ya vyuo vya Marekani: chuo hakiruhusiwi kumlipia mwanafunzi ada kwa sababu ya michezo. Anaweza kupata msaada wa masomo au wa uhitaji kama mwanafunzi yeyote, lakini kwa kucheza hapati hata senti. Yule anayeamka saa 11 kwenda kunyanyua vyuma amekwenda kwa kuwa anataka.

Saa 8 mchana

Mipira. Mpya inatoka kwenye sanduku ikiwa na utelezi kama imepakwa nta. Naisugua kwa brashi ngumu na kitambaa chenye unyevu mpaka vinundu vya ngozi viinuke na rangi ikolee, kisha napima msukumo wa hewa ya ndani: kati ya 12.5 na 13.5 kwenye kipimo, si chini, si juu. Kwenye baridi msukumo huo unapungua wenyewe, kwa hiyo nitaupima tena kesho uwanjani.

Halafu trela. Pedi za mabega, njumu za akiba, makoti mazito ya pembeni, sanduku la skrubu, mikanda ya kidevu 20, kamba za viatu. Vinavyohitajika kwanza vinaingia mwisho.

Saa 10 jioni

Mazoezi ya Ijumaa ni ya kutembea tu. Hakuna kugongana. Wanavaa helmeti na kupitia mipango kwa mwendo wa harusi. Mimi husimama nyuma ya mstari wa mbele, na leo nimekiona kile nilichokuwa nakitafuta wiki nzima.

Wamefanya hesabu ya kimya. Ugenini mashabiki wanapiga kelele, sauti ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, haifiki. Basi yule wa katikati, anayeushika mpira chini, anainamisha kichwa na kusubiri. Jirani yake wa kulia anamtazama kwotabeki nyuma, akiona ishara anamgusa wa katikati pajani. Yule anainua kichwa, anahesabu moyoni, anaupitisha mpira kati ya miguu, na wote watano wanainuka kama mtu mmoja. Mara ya kwanza wa kushoto kabisa ametangulia. Uwanjani kutangulia hivyo ni adhabu ya yadi 5. Wamerudia, ametangulia tena. Wamerudia mara 9 jua likizama, na mara 4 za mwisho sikuona tofauti hata ya kope kati yao. Nimerudi chumbani nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Saa 1 usiku

Nyumbani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki kidogo. Baada ya chakula nafanya kazi ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya: nawatumia wazazi wanaozungumza Kiswahili ujumbe wa sauti kuhusu mchezo wa kesho. Nilianza kwa ajili ya yule mama wa kanisani. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, nimekwenda mara tatu, nimekaa kwenye baridi, na sijawahi kusikia jina la mtoto wangu kwenye kipaza sauti. Kwani anafanya nini pale?" Yaliyomo kwenye ujumbe wa leo ni haya, kwa kirefu kidogo.

Kwanza, tunaokwenda kukutana nao. Wartburg wamepewa jina la ile ngome ya Ujerumani ambamo Martin Luther alijificha akilitafsiri Agano Jipya, na kwa futiboli nao ni ngome. Mwaka 2022 na tena 2023 walifika nusu fainali ya taifa ya Divisheni ya Tatu. Ni watu wa kuheshimiwa. Tunacheza nao ligi moja, American Rivers, ambayo hadi 2018 iliitwa ligi ya Iowa, na tunagawana nao hata mto: Cedar unapita kwao ndipo unashuka kwetu. Mafuriko ya Juni 2008 yaliingia Waverly, na siku chache baadaye yakafunika katikati ya mji wetu.

Chuo chao pia kinatawala mieleka ya divisheni hii. Nalitaja hilo kwa sababu mieleka na mstari wa mbele ni ndugu. Wote wawili wanashindania nani atakuwa chini zaidi. Ukimwingia mwenzako chini ya kifua unambeba, akikuingia yeye umebebwa, hata ukiwa na kilo 130.

Sasa mchezo wenyewe. Una majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ukifaulu unapewa mengine 4, ukishindwa mpira ni wao. Kila mtu anautazama mpira, na ndiyo maana mama yule hakumwona mwanawe. Vijana watano wa mbele kanuni haiwaruhusu hata kupokea pasi. Kazi yao ni kumfungulia njia mkimbiaji na kumpa kwotabeki muda wa kupumua, sekunde 3 hivi. Wakifanya vizuri, kipaza sauti kinataja jina la aliyekimbia. Wakikosea, kinataja namba zao pamoja na adhabu. Kutosikia jina la mwanao, mama, ni habari njema.

Upepo. Ukibaki huu wa kaskazini-magharibi, pasi ndefu zitayumba na mateke ya pointi 3 ya mbali yatakuwa bahati nasibu. Timu inayoweza kukimbia na mpira mkononi itanufaika mara mbili, kwa sababu mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja saa inaendelea kutembea, na Wartburg wakiwa wamekaa benchi hawawezi kufunga. Kwa hiyo nionavyo mimi hatuna njia nyingine: yadi 4, yadi 3, yadi 4, mpaka wachoke. Haitapendeza macho. Wapo watakaolalamika jukwaani kwamba kocha ni mwoga. Wasikilizeni tu kwa upole.

Mtazameni pia mpiga panti, yule anayeupiga mpira mbali jaribio la 4 likifika. Akiwaacha Wartburg waanzie nyuma kabisa, kwenye yadi ya 8 au ya 10, amefanya kazi sawa na aliyefunga. Robo ya mchezo ambayo atapiga upepo ukiwa nyuma yake tunapaswa kuimaliza tukiwa upande wao wa uwanja. Tusipoweza, robo inayofuata itakuwa ndefu sana kwetu.

Na zile mara mbili za kutangulia nilizoziona leo? Zikitokea kesho kwenye jaribio la 3, yadi 3 zinageuka 8, tunalazimika kurusha, na kurusha kwenye upepo huu mbele ya watu wale ndiko wanakokutaka. Hapo ndipo mchezo utakapoamuliwa, nina hakika.

Utabiri wangu: tofauti haitafika pointi 7. Wartburg wako kwao na nawapa nafasi kubwa kidogo kuliko sisi. Hata hivyo nimewaona watano wetu mara 4 mfululizo jioni ya leo, na moyo wangu unakataa kuandika kwamba tutashindwa.

Baba mmoja amejibu akiuliza chuo kidogo hivi kinamfikisha mtoto wapi. Nimemwambia habari za Marv Levy, aliyesoma Coe, akafundisha timu yake, kisha akaiongoza Buffalo Bills, timu ya ligi kuu ya kulipwa, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mara 4 mfululizo. Mwaka 2006, akiwa meneja mkuu wa Bills, alimwita Fred Jackson, kijana mwingine wa Coe ambaye hakuna timu kubwa iliyomchagua alipomaliza chuo na aliyekuwa akicheza ligi ndogo za ndani ya ukumbi hapa Iowa. Mwaka 2009 Jackson alikimbia zaidi ya yadi 1,000. Lakini nimemwongezea yule baba kwamba wengi wao watakuwa walimu, wahasibu, wauguzi, na kwamba vijana wawili leo wamefanya mtihani wa kemia saa 7 na wakawahi mazoezi.

Saa 4 usiku

Mama wa kanisani amenipigia badala ya kuandika. Anataka kwenda mwenyewe kesho, anaogopa barabara. Nimemwelekeza: ashike I-380 kwenda kaskazini hadi Waterloo, halafu 218 hadi Waverly, saa moja na nusu hivi bila haraka. Njiani ataona kombaini zikivuna mahindi hadi upeo wa macho. Avae soksi mbili, achukue blanketi la kukalia, maana chuma cha jukwaa kinanyonya joto la mwili.

"Nikae upande gani?"

"Kaa nyuma ya benchi letu, karibu na mstari wa katikati. Mpira ukiwa chini usiutazame, mama. Mtafute wa pili kutoka kulia, mtazame mikono na miguu yake mpaka filimbi ilie. Kisha tazama mkimbiaji ameangukia wapi."

"Na kofia yake?"

Swali hilo huniuliza kila Ijumaa. Nimemweleza nywele zilivyofumuliwa, pampu, na ngozi ya paji la uso ilivyokwenda pamoja na helmeti. Amenyamaza kidogo, akaomba nimrudie kuhusu ile ngozi. Nimemrudia. Amesema atakaanga mandazi alfajiri, ya timu nzima, na nimemwambia trela linaondoka saa 2 kamili.