Tope la Kibirizi na chupa ya mawese

Aliyetuambia "liacheni tope likauke kwanza, litatoka vipande vipande" ni mzee wetu kanisani na namheshimu, ila siku ile alituponza. Tulimsikiliza. Siku ya nne baada ya mafuriko ndiyo tunafika Kibirizi, huko Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, kutoa tope majumbani, wanakwaya 14 na machepe yetu, tunakuta sebule ya mama mmoja imekuwa tofali moja la ukuta hadi ukuta. Nikapiga jembe, likadunda. Nikapiga tena kwa hasira, mpini ukabaki mkononi, jembe likaenda zake. Mabinti wa sauti ya kwanza walicheka mpaka wakakaa chini. Sebule hiyo moja ilitumaliza siku nzima, tena kwa sululu ya kuazima kwa mchimba vyoo.

Ilikuwa mvua za 2024, ziwa limepanda. Nyumba za mbele zilikuwa bado majini, hizo hatukuzigusa. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga huko Kongo, kwa hiyo likijaa huna la kufanya ila kungoja. Sisi tulishika za nyuma, zilizopokea udongo wa mlimani.

Usiku mvua ikarudi. Kesho yake nyumba ya pili tope lilikuwa uji mzito, nikashangilia mapema. Lile tope ni gundi! Unachota chepe zima, unarusha dirishani, nusu inarudi nalo. Mwenzangu akawa anakwangua kwa kijiti kila mara, kama anapiga mswaki.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Akitaka kupasua fenesi, kwanza anapaka mafuta kisu na mikono, utomvu usishike. Nikamtuma mtoto gengeni alete chupa ya mawese, elfu mbili na kitu nadhani. Kulikuwa na baridi, yameganda, tukayaweka kando ya jiko la jirani. Tukapaka machepe.

"Wewe, unataka kukaanga tope?" akaniuliza yule wa besi.

Chepe la kwanza likateleza lote, pwaa, nje! Nikarudia ili wote waone. Kisha nikarudia tena, hapo bila sababu yoyote. Kabla ya saa sita vyumba vitatu vilikuwa vyeupe. Unapaka upya kila baada ya machepe kama kumi.

Vaeni gambuti, jamani, kandambili zilimpeleka mmoja wetu kuchomwa sindano ya pepopunda baada ya kukanyaga msumari. Na nyumba ya tofali mbichi usiimwagie maji kuiosha, utaangusha ukuta.

Mwenye nyumba alitukagua, akainua chupa kwenye mwanga.

"Mwanangu, haya yaliyobaki mnaondoka nayo?"

Tulimwachia, akaunga maharage, tukala sote.

Fulana yangu nyeupe ya kwaya ina rangi ya mawese mpaka leo, nimefua kwa kila sabuni. Mwalimu amenihamishia mstari wa nyuma.