Kile kichuguu cha Kalebuka

Nilipoondoka Lubumbashi kwenda Lusaka, nyuma ya nyumba yetu ya Kalebuka palikuwa na kichuguu kirefu kupita paa. Nimerudi baada ya miaka 14 na hakipo. Mdogo wangu akanionyesha ukuta wa jirani: "Kiko pale, yaya," yaani mkubwa wangu.

Watu wa kwetu Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, wananielewa. Udongo wa kichuguu ndio tofali letu: unauchimba, unaulowesha, unaukanyaga kwa miguu, unaupiga kwenye kalibu ya mbao, unaanika, kisha unapanga tanuru na kulilinda usiku kucha. Miombo tuliyokuwa tukiiona toka mlangoni imeishia kwenye matanuru hayo na kwenye magunia ya makala, yaani mkaa. Kilichobaki nyuma ya nyumba ni shimo. Mvua za Novemba zikianza, linajaa. Kutoka choo cha jirani hadi kisima anachoteka mama nimehesabu hatua 9. Usiku ule sikulala, nikiwaza uchafu wa choo ukiingia kisimani.

Baba alinunua lupango hii, yaani kiwanja, kwa pesa aliyopata mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, walipoacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Karatasi yake ni moja tu, ya shefu wa kijiji. Akajenga alipoona panafaa, jirani naye hivyo hivyo, na njia ikawa nafasi iliyosalia kati ya kuta. Mwaka jana mdogo wangu alishikwa na uchungu wa kujifungua usiku. Taksi haikuweza kuingia. Walimbeba kwenye kiti cha plastiki hadi barabara kubwa.

Babu alijenga Katuba, mtaa mwingine wa Lubumbashi, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kule njia zilipimwa kwanza, lupango zikakatwa, ndipo mtu akakopeshwa vifaa ajenge mwenyewe. Ulikuwa utawala wa Wabelgiji, uliotutenga na mji wa wazungu, na siutamani wakati ule. Ila Katuba mpaka leo gari linakufikia.

Sasa nasikia wengine wakisema mitaa kama yetu ibomolewe ipangwe upya. Na mama aende wapi? Miaka 20 ya jasho la baba imo kwenye hizi kuta. Waje wapime tulipo, watupe hati, walete bomba la maji. Njia tutaitoa sisi wenyewe.

Tumeanza. Jumapili majirani walikaa uani kwetu, na kila nyumba ya mstari wetu imekubali kurudi nyuma mita moja. Jumamosi tulivuta kamba kutoka barabara kubwa. Ikapita katikati ya ukuta wa jirani, ule wa kichuguu chetu. Mzee mwenye ukuta akaushika, akakaa kimya kidogo, kisha akasema atauvunja, mradi tumsaidie kuujenga ndani kidogo. Mimi na mdogo wangu tunaanza kesho asubuhi, tofali moja moja, yasivunjike.