Somo la Kwanza

Jumapili ya tarehe 31 Desemba 2023 zamu ya kusoma somo la kwanza ilikuwa yangu. Ilikuwa Sikukuu ya Familia Takatifu, na yalichaguliwa masomo ya Mwaka B, wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, yale ya Abramu. Mungu anamwahidi thawabu kubwa, naye mzee anajibu kwa uchungu: utanipa nini, nami sina mtoto, na atakayenirithi ni mtumishi wa nyumbani mwangu? Ndipo Mungu anamtoa nje na kumwambia atazame mbinguni, azihesabu nyota kama anaweza.

Nikipangiwa somo hulinakili kwa mkono na kulisoma kwa sauti kila jioni wiki nzima, nikiweka vistari vya penseli mahali pa kuvuta pumzi. Wiki ile kipo kistari nilichokifuta na kukirudisha hadi karatasi ikaanza kutoboka. Kilikuwa baada ya maneno "sina mtoto". Nilikuwa na miaka 37. Mimi ni kifungua mimba, sijaoa, na ukoo mzima ulikuwa umeshaniuliza kwa nini. Mama yeye aliuliza zamani, mara moja tu, kisha akaacha.

Mimi ni shoga. Nalitumia neno hili kwa sababu nilipoanza kujielewa, nikiwa bado najifunza sala za Komunyo ya Kwanza, kila neno la kunitaja lilikuwa tusi, na sikuona sababu ya kuwaachia wenye matusi jina langu. Na mimi ni Mkatoliki. Nikikosa Misa, juma langu lote huenda mrama.

Siku 13 kabla ya Jumapili ile, Vatikani ilitoa tamko liitwalo Fiducia supplicans, lililosainiwa na Kardinali Víctor Manuel Fernández kwa idhini ya Papa Fransisko. Nililisoma usiku uleule hadi mwisho. Linasema waziwazi kwamba mafundisho kuhusu ndoa hayajabadilika: ndoa ni ya mume na mke. Ila linamruhusu padre kuwabariki watu wawili wa jinsia moja wanaomwendea kuomba baraka, bila ibada maalumu na bila chochote kinachofanana na harusi.

Sikuwa na wa kwenda naye. Miaka minne nyuma niliachana na mtu niliyempenda, kwa sababu sikuweza kuishi naye na papo hapo kupokea Ekaristi kwa dhamiri iliyotulia. Tangu siku ile sijalia tena namna ile. Kwa hiyo tamko halikunipa ruhusa yoyote niliyokuwa naingoja. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kidogo zaidi: kuona kama Kanisa langu linaweza kuandika kurasa nzima juu ya watu kama mimi na kututaja kama watu wanaosali. Nilikiona, nikalala.

Basi nikapanda mimbarini. Kanisa lilikuwa limejaa kama inavyokuwa siku za Noeli. Mama alikuwa benchi la tatu upande wa kulia, pale pake pa siku zote. Nilipofika "sina mtoto", pumzi niliyoipanga ikawa ndefu kuliko kistari chake. Herufi zilianza kunichezea. Nikakandamiza kidole chini ya mstari, nikasogea neno kwa neno hadi kwenye nyota, hadi kuzaliwa kwa Isaka. Neno la Bwana. Tumshukuru Mungu. Nikarudi kuketi, magoti yananitetemeka.

Injili ilikuwa ya Simeoni na Ana hekaluni. Huyu Ana nampenda sana. Ni mjane mwenye miaka 84. Luka anataja baba yake na kabila lake, lakini mtoto hamtaji hata mmoja, na bado sikukuu ya familia inapofika Kanisa linatusomea habari zake. Anakaa hekaluni usiku na mchana. Nilitamani sana padre amguse kidogo katika mahubiri.

Hakumgusa. Alianza na Yosefu na Maria, kisha akaweka karatasi zake pembeni na kusema lazima azungumzie jambo lililoenea kwenye simu za watu. Akasema ushoga umeletwa na wageni, hauna mizizi katika utamaduni wetu, na watu hao hawana mahali chini ya paa la kanisa. Akataja Katekisimu namba 2357, inayofundisha kwamba matendo hayo hayawezi kukubaliwa kwa hali yoyote. Ni kweli, imeandikwa. Watu wakapiga makofi. Maneno nilikuwa nimeyazoea, makofi sikuyatarajia. Jirani yangu, mzee ambaye kila Jumapili hunipa mkono wa amani kwa mikono yake miwili, alipiga pia.

Katekisimu yangu nilinunua nikiwa na miaka 19, na ukiiacha mezani hufunguka yenyewe pale pale. Namba inayofuata, 2358, inasema watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na uangalifu, na kila dalili ya kuwabagua isivyo haki iepukwe. Namba 2359 inawaita kwenye usafi wa moyo. Nimeishi na namba zote tatu, hata ile inayonichoma. Padre hakukosea kuisoma ya kwanza. Alikosea kufunga kitabu hapo.

Na hilo la wageni. Hakuna mgeni aliyeniletea kitu. Lilinikuta nyumbani, kwenye mkeka uleule nilikofundishwa Baba Yetu. Hata Injili, karibu kila taifa, ilifika mikononi mwa wageni, na hakuna anayeiona ya kigeni anapopiga magoti. Simdharau mzazi anayetamani mjukuu. Kilio cha Abramu nilikisoma kwa kinywa changu na nilikielewa. Lakini utamaduni ulionilea ndio huohuo ulionifundisha kwamba mtu hafukuzwi kwao. Sioni kwa nini sehemu moja tu ya mafunzo yale ndiyo itambulike kuwa yetu.

Nilipanga mstari wa Komunyo kama kawaida. "Mwili wa Kristo." "Amina." Mkono wake ulikuwa mtulivu, wangu la.

Baada ya Misa nilikirudisha kitabu cha masomo sakristia. Padre alikuwa anaivua kasula, vazi lake la juu la Misa.

"Umesoma vizuri leo," akaniambia. "Ukisoma wewe, watu wanasikiliza."

"Asante, Padre." Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Sijui nini kilinigeuza. "Padre, wale uliowasema leo, mimi ni mmoja wao."

Mikono yake ilikuwa bado juu, ndani ya kitambaa, uso umefunikwa nusu. Ilibaki hivyo kwa muda. Kisha akaivua kasula taratibu na kuitandaza mezani, akavua stola, akaibusu, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Komunyo ya Kwanza, Padre. Hakuna aliyenifundisha."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

Nje watumishi wa altare walikuwa wanafukuzana na kucheka. Padre alitazama dirishani.

"Sina la kukuambia sasa hivi," akasema. "Nikisema kitu nitakosea."

Akauendea ubao wa zamu. Nilijua anakwenda kukata jina langu, na nilikuwa tayari kumsihi asifanye hivyo mbele yangu. Alipitisha kidole kwenye orodha ya Januari hadi Jumapili ya tatu, jina langu lilipokuwa. Kidole kikasimama hapo.

"Usichelewe siku hiyo," akasema. "Kutakuwa na ubatizo."

Hakuniomba radhi, wala Jumapili iliyofuata hakurudia mada ile mbele ya watu kuirekebisha. Nilitaka zaidi ya hapo na bado nataka. Lakini alikuwa padre wa kwanza niliyemwambia uso kwa uso, nje ya kitubio, na jina langu lilibaki ubaoni.

Mama alikuwa ananisubiri kwenye ngazi.

"Umekawia."

"Nilikuwa na Padre, mama."

Akanishika mkono, tukaanza kushuka, ngazi moja moja kwa sababu ya miguu yake.

"Ulipofika pale pa Abramu ulisita," akasema.

"Koo lilinikauka."

"Halikuwa koo, mwanangu."

Alisema akiangalia ngazi, si mimi. Hakuongeza neno, na mkono wangu hakuuachia hadi tulipofika nyumbani.